Mikono Iliyotangulia Macho: Uchambuzi wa Kisa cha S.B.

Tarehe 9 Desemba 1958, fundi viatu mmoja wa Uingereza mwenye umri wa miaka 52 alipandikizwa konea katika jicho lake la kushoto, na siku ya kwanza ya mwaka uliofuata akapandikizwa katika jicho la kulia. Konea ni ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Ya kwake ilikuwa imeingia ukungu tangu alipokuwa mtoto wa miezi 10, baada ya maambukizo ya macho, na tangu hapo hakuwahi kuona zaidi ya tofauti ya mwanga na giza. Kumbukumbu pekee za kuona alizokuwa nazo zilikuwa za rangi tatu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Katika maandiko ya saikolojia mtu huyu anajulikana kwa herufi mbili tu, S.B., nami nitamwita hivyo. Richard Gregory, mwanasaikolojia aliyekuwa Cambridge wakati huo, alisoma habari zake gazetini, akamfuata hospitalini akiwa na msaidizi wake Jean Wallace, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1963.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo kwa mtu anayeona tangu utotoni hayatenganiki hata kwa sekunde moja, yaani kuhisi na kutambua. Wakati wa upasuaji, jicho la S.B. lilipewa kila linalohitajika ili mwanga uingie. Swali ni kama kuingia kwa mwanga kunatosha kumfanya mtu aone.

Kiswahili kina usemi unaosaidia hapa kuliko istilahi nyingi za kitaalamu: milango ya fahamu. Wazee walioutunga usemi huo hawakuliita jicho fahamu, waliliita mlango. Mgeni anaweza kupita mlangoni, akasimama ukumbini, na mwenyeji asimjue kuwa ni nani. Kuhisi ni kazi ya mlango: mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 380 na 700 hivi unapita kwenye konea na lenzi, unaangukia retina iliyo nyuma ya jicho, na seli zaidi ya milioni 100 zinaugeuza kuwa mawimbi ya umeme wa neva. Hata hapo mlangoni pana mchujo mkubwa, kwa maana neva inayotoka katika jicho moja kwenda kwenye ubongo ina nyuzi zipatazo milioni moja tu, kwa hiyo kinachosafirishwa ni muhtasari wa kile kilichopokelewa.

Kutambua ni kazi ya mwenyeji, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa picha iliyo kwenye retina ni ndogo, imepinduka kichwa chini, haina kina, na inaweza kumaanisha vitu vingi kwa wakati mmoja. Umbo la yai kwenye retina linaweza kuwa la sahani ya mviringo iliyoinamishwa, au la sahani yenye umbo la yai iliyosimama wima mbele yako. Mwanga peke yake hauamui ni ipi kati ya hizo mbili. Anayeamua ni ubongo, kwa kutumia yale unayoyajua tayari kuhusu sahani, meza, umbali na mwelekeo wa mwanga, na uamuzi huo hufanyika upesi kiasi kwamba mwenye macho hudhani ameona tu, wala hajui kwamba ameamua.

Swali hili lilikuwa limeulizwa zamani sana kabla ya S.B. kuzaliwa. Mwaka 1688 William Molyneux wa Ireland, ambaye mkewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, alimwandikia mwanafalsafa John Locke barua yenye swali moja: mtu aliyezaliwa bila kuona, ambaye amejifunza kwa kugusa kutofautisha tufe na mchemraba, akipewa macho ghafla, je, ataweza kusema kwa kutazama tu ipi ni ipi? Locke alilichapisha swali hilo katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1694 na kukubaliana na Molyneux kwamba hataweza. Kwa zaidi ya miaka 260 wanafalsafa walijadiliana wakiwa na ushahidi mdogo sana, na ndiyo maana Gregory na Wallace walifunga vifaa vyao upesi na kusafiri.

Aliyoyaweza na asiyoyaweza

S.B. alisimulia kwamba bandeji zilipoondolewa alisikia sauti ya daktari aliyempasua ikitoka mbele yake, akageuza uso, akaona ukungu mtupu. Alitambua kuwa ukungu ule lazima uwe uso, kwa sababu sauti ilitoka hapo na alijua kwamba sauti hutoka kwenye nyuso. Alisema wazi kwamba bila ile sauti asingejua anachokitazama ni uso. Jambo hili la mwanzo kabisa lina umuhimu mkubwa kwa uchambuzi, kwa maana tangu dakika ya kwanza jicho lilikuwa likiongozwa na mlango mwingine.

Watafiti walipomfikia, siku 48 baada ya upasuaji wa kwanza, alikuwa akitembea katika ukumbi wa hospitali bila kupapasa, na mgeni asiyejua habari zake angedhani ni mtu mwenye uoni wa kawaida. Aliweza kusoma saa iliyotundikwa ukutani. Aliweza pia kusoma herufi kubwa. Watafiti walishangaa, kwa sababu herufi hazisomeki kwa kuziangalia tu, lazima ziwe zimefundishwa, na S.B. hakuwahi kufundishwa kwa macho.

Maelezo yalipatikana alipohojiwa kuhusu maisha yake. Miaka mingi alikuwa na saa ya mfukoni isiyo na kioo, akiisoma kwa kugusa mishale yake kwa kidole. Na katika shule ya watoto wasioona ya Birmingham, alikosoma tangu umri wa miaka 9 na kujifunza ushonaji wa viatu, walimpa herufi kubwa zilizochongwa kwenye mbao azipapase, kwa sababu herufi kubwa ndizo zilizoandikwa kwenye mabango na vibao vya shaba. Herufi ndogo hawakumfundisha. Kusoma kwake kwa kawaida kulikuwa kwa nukta nundu. Sasa, kwa macho mapya, herufi kubwa alizisoma na herufi ndogo hakuzisoma. Mstari kati ya alichokiona na asichokiona ulipita palepale ulipopita mstari kati ya kilichowahi kufika mikononi mwake na kisichowahi kufika. Sijui ushahidi mwingine katika saikolojia ya utambuzi ulio safi namna hii, hasa kwa kuwa haukupangwa na mtafiti yeyote. Ulipangwa na walimu wa shule moja, miaka zaidi ya 35 kabla ya siku hiyo, bila wao kujua.

Tuyatazame sasa yaliyomshinda. Alitazama nje ya dirisha la hospitali, lililokuwa juu ya ardhi kwa futi kati ya 30 na 40, akadhani kwamba akijining'iniza kwa mikono ataigusa ardhi kwa miguu. Umbali wa kwenda chini, ambao hakuwahi kuupima kwa mwili wake, haukuwa na maana machoni pake, ilhali vitu alivyovijua kwa kuvigusa alivikadiria vizuri ukubwa wake. Siku moja aliona mwezi mwembamba angani, akamuuliza muuguzi ni kitu gani kile. Alipoelezwa alishangaa, kwa kuwa alikuwa amesikia watu wakizungumzia robo ya mwezi, naye akaamini kuwa robo hiyo ingeonekana kama kipande cha keki iliyokatwa mara nne. Mwezi haugusiki, alichokuwa nacho kuhusu mwezi kilikuwa ni maneno tu, na neno robo lilimpoteza. Nadhani angesikia lugha inayouita mwezi mchanga, angejenga picha nyingine kabisa akilini, pengine nayo isiyo sahihi.

Nyuso ziliendelea kuwa fumbo. Aliwajua watu kwa sauti zao, lakini hakuweza kuutazama uso na kusema kama mtu huyo amefurahi au amekasirika. Sababu yake inaeleweka tukifuata hoja hiyohiyo: mkono unaweza kujifunza umbo la pua na paji la uso, lakini tabasamu linalopita kwa sekunde moja na kuondoka haligusiki, na hakuna mtu mzima anayeruhusu uso wake upapaswe kila anapobadilika hisia.

Kilichowaumiza zaidi watafiti, kama ninavyowasoma, kilikuwa barabara. Kabla ya upasuaji S.B. alivuka barabara peke yake bila woga, mkono au fimbo yake imetangulia mbele. Baada ya kupata macho aliogopa magari kiasi kwamba hata akishikwa na watu wawili, mmoja kila upande, ilikuwa kazi kumvusha. Macho yalimwonyesha kwamba kuna vitu vikubwa vinavyomjia, lakini hayakumwambia viko umbali gani wala vinamfikia lini. Mlango ulifunguliwa, wageni wakaingia kwa kishindo, na mwenyeji hakuweza kuwahesabu.

Mashine katika sanduku la kioo

Watafiti walimpeleka London baadaye, na sehemu kubwa ya ziara hiyo haikumvutia. Majengo na viwanja vilikuwa kwake rangi na kelele. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja. Tangu ujana alipenda vifaa vya mafundi, na alitamani kuiona mashine ya kukereza vyuma, ambayo asiyeona hangeweza kuruhusiwa kuikaribia ikiwa inazunguka. Katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi walimsimamisha mbele ya mashine ya aina hiyo iliyoundwa na Henry Maudslay takriban mwaka 1800, iliyowekwa ndani ya sanduku la kioo.

Walimwomba aseme anachokiona. Aliweza kusema tu kwamba sehemu iliyo karibu naye ilielekea kuwa mpini. Hakuweza kueleza kitu kingine chochote, akaanza kuhangaika. Hapa tukumbuke kwamba macho yake yalikuwa yakifanya kazi, taa zilikuwa zinawaka, na mashine ilikuwa mbele yake bila kizuizi isipokuwa kioo. Kwa kipimo chochote cha kuhisi, mashine ile ilikuwa imeingia jichoni.

Kisha sanduku lilifunguliwa kwa idhini ya makumbusho. S.B. alifumba macho. Akaipapasa mashine kwa pupa kwa takriban dakika nzima, sehemu baada ya sehemu, akirudia, akifuata chuma kinavyoungana na chuma. Halafu alirudi nyuma kidogo, akafumbua macho, akasema: "Sasa kwa kuwa nimeigusa, ninaweza kuiona."

Nataka kukaa na sentensi hiyo kidogo, kwa sababu wasomaji wengi huipita haraka kama maneno mazuri ya mtu mwenye furaha. Ichukuliwe kama ripoti ya shahidi. Mwanga uliofika kwenye retina yake baada ya kupapasa ulikuwa uleule uliofika kabla. Kilichobadilika ni kile alichokuwa nacho ndani cha kuupokea mwanga huo. Gregory alijenga juu ya visa vya namna hii hoja aliyoitetea maisha yake yote, kwamba utambuzi ni kama dhana ya kisayansi: ubongo unapendekeza kitu gani kingeweza kusababisha picha hii, kisha unapima pendekezo hilo kwa dalili zinazofuata. S.B. mbele ya kioo alikuwa na dalili bila pendekezo. Alipoondoa mikono yake kwenye chuma, alikuwa amepata pendekezo, na dalili zikakaa mahali pake. Zaidi ya hayo, alifumba macho wakati wa kupapasa. Alijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba macho yangemvuruga wakati mikono inajifunza.

Kuna upande wa pili wa majaribio ambao lazima nieleze kwa tahadhari zaidi. Watafiti walimwonyesha michoro inayowadanganya watu wenye macho ya kawaida. Mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ukiwa na vichwa vya mishale vinavyoelekea nje na mwingine vinavyoelekea ndani, ilimdanganya S.B. kwa kiasi kidogo kuliko inavyowadanganya wengi. Mchoro wa mchemraba uliochorwa kwa mistari mitupu, ambao kwetu huonekana ukijigeuza mbele na nyuma kila tunapoutazama, kwake ulibaki mistari iliyolala kwenye karatasi, bila kina na bila kujigeuza. Gregory alihitimisha kwamba udanganyifu huu hutokana na uzoefu wa muda mrefu wa kusoma kina katika picha, na kwamba asiye na uzoefu huo hadanganyiki. Hitimisho hilo lilifundishwa kwa miaka mingi. Hata hivyo mwaka 2015 kundi la mtafiti Pawan Sinha liliripoti kwamba watoto wa India walioondolewa mtoto wa jicho waliyekuwa naye tangu kuzaliwa walidanganywa na michoro ya aina hiyo mara tu baada ya kuanza kuona. Kwa hiyo hapa kisa cha S.B. hakiwezi kubeba mzigo wote aliotwikwa. Inaelekea baadhi ya udanganyifu wa macho umo katika namna mfumo wa kuona unavyochakata mistari tangu mwanzo, na sehemu nyingine tu ndiyo inayongoja uzoefu.

Jibu la Molyneux, na ubongo uliongoja

Kundi hilohilo la Sinha, likishirikiana na Richard Held, lilichapisha mwaka 2011 jaribio lililofuata swali la Molyneux karibu neno kwa neno. Watoto watano wenye umri kati ya miaka 8 na 17, siku chache tu baada ya upasuaji, walipewa vitu vya kuchezea wasivyovijua. Walipotazama kitu kisha wakachagua kwa kutazama, walipatia zaidi ya mara 9 kati ya 10. Walipopapasa kisha wakachagua kwa kupapasa, walipatia karibu kila mara. Lakini walipopapasa kisha wakatakiwa kuchagua kwa kutazama, walipatia asilimia 58, kiwango kisichopishana sana na kubahatisha. Molyneux na Locke walikuwa sahihi kwa siku hiyo ya kwanza. Walipopimwa tena baadhi yao baada ya muda mfupi, unaohesabika kwa siku, uwezo wao wa kuunganisha mkono na jicho ulikuwa umepanda sana.

Msomaji makini ataona mgongano: S.B. alisoma herufi kubwa alizozijua kwa mkono, na watoto hawa hawakuweza kutambua walichopapasa dakika iliyopita. Nadhani mgongano ni wa nje tu. S.B. alipimwa baada ya siku 48, na tukiyatazama matokeo ya watoto, muda huo unatosha kabisa kujenga daraja kati ya mkono na jicho. Herufi alizosoma zilikuwa maarifa ya zaidi ya miaka 35, si za dakika moja. Tena aliwahi kuona kwa miezi 10 ya mwanzo wa maisha yake, na haiwezekani kusema miezi hiyo ilimwachia nini. Mambo haya matatu ndiyo udhaifu mkubwa wa kisa hiki, na yeyote anayekitumia kama jibu la mwisho kwa Molyneux anakitwisha kisichoweza kubeba. Kinachobaki imara hata baada ya kuyatoa hayo ni ule mstari kati ya herufi kubwa na ndogo: siku 48 zilikuwa zilezile kwa herufi za aina zote mbili.

Kuhusu ubongo, kazi ya David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, ilionyesha kwamba jicho la mtoto wa paka likifungwa katika miezi ya mwanzo, seli za sehemu ya ubongo inayopokea habari za kuona huacha kulijibu jicho hilo hata likifunguliwa baadaye, wakati kwa paka mzima kulifunga hakuleti madhara hayo. Kuna majira ambayo ubongo hungoja mwanga, na majira hayo hupita. Ndiyo maana madaktari wa macho wa watoto, wakiwemo wa hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi, huhimiza mtoto mwenye weupe katika mboni apelekwe mapema. Kumsubiri akue kwanza ni kuyaacha majira hayo yapite, na mtoto wa jicho akiondolewa kwa ustadi mkubwa miaka mingi baadaye, lenzi inaweza kuwa safi huku upokeaji wake ndani ukiwa umeathirika kwa kudumu. Watoto wa India wanatoa tumaini kwamba hata waliochelewa hupata mengi, ila ukali wa macho yao kwa kawaida haufikii wa wenzao.

S.B. mwenyewe hakupata furaha iliyotarajiwa. Alipenda rangi angavu, lakini alihuzunishwa na kila rangi iliyobanduka ukutani na kila doa alilolikuta kwenye kitu alichokuwa amekiwazia kuwa kizuri. Alipokuwa haoni, jirani zake walimheshimu kwa ufundi wake na ujasiri wake. Alipopata macho, akawa mtu anayeona vibaya kuliko wote waliomzunguka. Jioni alikaa mara nyingi bila kuwasha taa. Alifariki tarehe 2 Agosti 1960, chini ya miaka miwili baada ya upasuaji. Sioni haki ya kusema kwamba macho yalimwua, na ripoti haisemi hivyo, lakini waliomhudumia walipima mafanikio kwa usafi wa konea, na kwa kipimo hicho kisa hiki kingeandikwa kuwa ushindi.

Katika ripoti yao, watafiti waliweka michoro ya basi ambayo S.B. aliichora kwa nyakati tofauti. Katika ule wa kwanza magurudumu yana vijiti vya ndani, kama ya magari ya zamani aliyowahi kuyapapasa, na madirisha yapo mahali pake, ila sehemu ya mbele ya basi, yenye injini na taa, haipo kabisa, kwa maana abiria asiyeona hupanda na kushuka bila kuigusa. Miezi 6 baadaye vijiti vya magurudumu vilitoweka, na maandishi yakaanza kuonekana ubavuni. Baada ya mwaka mzima wa kutazama mabasi yakipita barabarani, mchoro ulikuwa umeboreka kwa mengi, maandishi yakiwemo, na sehemu ya mbele bado haikuwepo.